Kutembeza Wageni Oxford kwa Mwendo wa Polepole: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi Oxford, au anayeufahamu mji huu kiasi, ambaye amepata ugeni na anataka kuutembeza mji kwa utulivu. Maswali yenyewe yametoka vinywani mwa wageni na wenyeji wao. Mengine nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba najua yatakuja tukiwa tumefika kona gani. Katika ukurasa huu "Chuo Kikuu" ni taasisi nzima ya Oxford, na "chuo" ni kimoja kati ya vyuo vilivyomo ndani yake.

## Mambo ya kuanzia

Chuo Kikuu chenyewe kiko wapi?

Hili huwa swali la kwanza, na kwa kawaida anayeuliza huwa amekwisha kusimama katikati ya Chuo Kikuu hicho hicho. Oxford haina lango moja kuu wala uzio mmoja. Ni muungano wa vyuo zaidi ya 35, na kila kimoja kina ua wake, kanisa lake, bwalo lake, maktaba yake na bawabu wake mlangoni. Juu ya vyuo hivyo kuna majengo ya wote, kama vile maktaba ya Bodleian, kumbi za mitihani, makumbusho na maabara. Mwanafunzi hulala na kula chuoni kwake, na huko ndiko hukutana na mwalimu wake akiwa peke yake au na wenzake wawili watatu, lakini mitihani na shahada ni za Chuo Kikuu.

Mimi huwaeleza wageni kwamba ni ukoo mmoja wenye nyumba nyingi: kila nyumba ina mlango na desturi zake, lakini jina la ukoo ni moja. Mgeni akishalielewa jambo hili mapema, ziara nzima hubadilika, kwa sababu huacha kutafuta jengo moja kubwa la kupigia picha na kuanza kuchungulia malangoni.

Kilianzishwa lini?

Hakuna mwaka unaojulikana wa kuanzishwa. Mafunzo ya namna fulani yalikuwepo mwaka 1096, na mji ulijaa wanafunzi kwa haraka kuanzia 1167, baada ya Mfalme Henry II kuwazuia Waingereza kwenda kusoma Paris. Vyuo vilikuja baadaye. University College huhesabu mwanzo wake mwaka 1249, Balliol 1263 na Merton 1264, na kila kimoja kati ya hivyo vitatu kina hoja yake ya kudai kuwa ndicho cha kwanza. Mwenyeji asijaribu kuamua ugomvi huo.

Ziara ya polepole huchukua muda gani?

Kutoka Carfax, njia panda ya katikati ya mji, hadi daraja la Magdalen ni kama kilomita moja tu, na mtu mwenye haraka huimaliza kwa robo saa. Ndiyo sababu wenyeji wengi hukosea. Kwa kuwa umbali ni mdogo, huwapangia wageni vyuo sita, makumbusho matatu na minara miwili kwa siku moja, na jioni mgeni hukumbuka miguu yake tu.

Kipimo ninachokitumia kwa siku nzima ni vyuo viwili, jumba moja la makumbusho, na angalau mara mbili za kukaa kitako kwa nusu saa bila kuelezwa chochote. Muda huo wa kukaa ni sehemu ya ziara. Majengo ya Oxford ni ya mawe ya chokaa ambayo rangi yake hubadilika jua linaposogea, na ua ulioonekana wa kijivu saa nne asubuhi huwa wa rangi ya asali alasiri. Mtu anayepita kwa dakika tano hawezi kuliona hilo.

Ni wakati gani wa mwaka unaofaa?

Mwezi Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, kabla muhula haujaanza, ndio wakati ninaoupenda: umati wa Julai na Agosti umepungua na vyuo vingi viko wazi. Mihula ni mitatu, nayo huitwa Michaelmas, Hilary na Trinity, kila mmoja ukiwa na majuma manane ya masomo. Muhula wa Trinity, kati ya Aprili na Juni, una bustani nzuri kuliko wakati wowote lakini pia una mitihani. Soma swali la mitihani katika sehemu ya mwisho.

Wageni waliotoka karibu na ikweta waelezwe mapema habari za mwanga. Mwezi Desemba jua huzama karibu saa 10 jioni, hivyo ziara ianze asubuhi. Mwezi Juni jua huchelewa hadi karibu saa 3 na nusu usiku, na hapo hakuna sababu kabisa ya kuharakisha watu.

Tufike kwa njia gani?

Treni kutoka London, katika stesheni ya Paddington au Marylebone, huchukua kama saa moja. Basi huchukua muda mrefu zaidi lakini mara nyingi nauli yake ni nafuu. Gari binafsi ni mzigo katikati ya mji. Liacheni kwenye maegesho ya pembezoni, kisha mpande basi la kuingia mjini.

## Vyuo na malango yake

Je, mtu yeyote anaweza kuingia chuoni?

Vyuo vingi hupokea wageni, lakini kwa masharti yake. Baadhi hutoza kiingilio, vingine havitozi, na Christ Church hutoza zaidi ya vingi. Vingi hufunguliwa alasiri tu. Saa zinaweza kubadilika siku hiyo hiyo kwa sababu ya mazishi, harusi au mkutano, kwa hiyo tangazo lililobandikwa langoni ndilo la kuaminiwa, na bawabu ndiye mwenye neno la mwisho. Msalimuni kwanza, kisha mwulize. Nimeona mara kadhaa salamu nzuri ikifungua mazungumzo marefu kuhusu chuo kutoka kwa mtu aliyekilinda kwa miaka mingi, na maelezo ya namna hiyo huwezi kuyanunua.

Mkiwa kundi kubwa, andikeni kuomba nafasi kabla ya siku. Mkiwa na mwanafunzi au mhitimu wa chuo fulani, mwombeni awaongoze, kwani mara nyingi chuo chake humruhusu kuingiza wageni wachache.

Mbona vyuo vina kuta ndefu na malango mazito kama ngome?

Jibu refu la swali hili ndilo historia bora ya mji. Kwa karne nyingi wenyeji wa mji na watu wa Chuo Kikuu walichukiana kwa sababu ya kodi za nyumba, bei za vyakula na mamlaka ya mahakama. Tarehe 10 Februari 1355, siku ya Mtakatifu Skolastika, wanafunzi walilalamikia mvinyo katika baa ya Swindlestock pale Carfax, wakamrushia mwenye baa kinywaji usoni, na ugomvi huo ukageuka mapigano yaliyoendelea kwa siku kadhaa. Hesabu iliyohifadhiwa ni wanachuo 63 na watu wa mjini wapatao 30 waliokufa.

Mfalme aliupendelea Chuo Kikuu. Kila mwaka siku hiyo meya na raia wa mji walilazimika kuhudhuria ibada ya toba na kulipa peni moja kwa kila mwanachuo aliyeuawa, na desturi hiyo haikukoma hadi 1825, yaani miaka 470 baadaye. Mkisimama Carfax, waonyesheni wageni kibao kinachoonyesha mahali baa ilipokuwa, kwenye kona ya St Aldate's na Queen Street, kabla hamjaenda kwenye lango lolote. Mgeni aliyesikia kisa hicho huyatazama malango kwa jicho jingine.

Tuchague vyuo vipi viwili?

Chagueni viwili visivyofanana. Jozi yangu ni Merton na Magdalen. Merton ni kidogo na cha kale. Ua wake uitwao Mob Quad ni wa karne ya 13 na 14, na maktaba yake ya ghorofani imekuwa ikitumika tangu karne ya 14. Magdalen, kilichoanzishwa mwaka 1458, ni kipana, kina mnara wa mita 44, kina paa wanaolisha kwenye uwanja wao wenyewe, na kina njia ya Addison inayozunguka malisho ya mto Cherwell chini ya miti mirefu. Njia hiyo peke yake inatosha alasiri nzima.

New College pia kinafaa, hasa kwa mgeni anayependa historia ya miji. William wa Wykeham alipokianzisha mwaka 1379 alipewa ardhi kwa sharti kwamba chuo kiutunze ukuta wa mji unaopita ndani ya kiwanja chake. Sharti hilo bado linatimizwa, na meya huja kuukagua ukuta kila baada ya miaka mitatu.

Wageni wengi huomba Christ Church kwa sababu ngazi zake zilitumika kupigia filamu za Harry Potter na bwalo lake lilikuwa mfano wa bwalo la studio. Hakuna ubaya, wapelekeni, ila kateni tikiti mapema na mkubali kwamba mtatembea ndani ya msafara. Mkitaka kukiona chuo hicho kwa utulivu, lipo jibu lake chini ya swali la jioni.

Kwa nini haturuhusiwi kukanyaga nyasi?

Kwa sababu katika nyua nyingi nyasi hizo ni za walimu wa chuo, na nyingine si za mtu yeyote. Fuateni njia ya mawe pembeni. Watoto waelezwe kabla ya kuingia, kwa sababu nyasi zile zimekatwa vizuri mno kwa mtoto kuziacha.

Majina haya hutamkwaje?

Magdalen hutamkwa "Modlin", na si kama linavyoandikwa. Mto Thames ndani ya Oxford huitwa Isis. Carfax limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya njia panda ya pande nne, na ndivyo mahali penyewe palivyo.

## Njia ya kutembea na mambo yaliyo njiani

Tuanzie wapi na tupitie wapi?

Anzeni kwenye mnara wa kanisa la St Michael, mtaa wa Cornmarket, uliojengwa karibu mwaka 1040. Ndilo jengo la kale kuliko yote mjini, na watu hupita chini yake na mifuko ya dukani bila kuinua macho. Shukeni hadi Carfax kwa kisa cha 1355, kisha mwingie katika soko lililoezekwa, lililofunguliwa mwaka 1774, ambako wauza nyama, keki na maua wamepangana chini ya paa moja. Hapo pana kahawa, na ni mahali pazuri pa kukaa mara ya kwanza.

Mkitoka, fuateni mtaa wa High na mgeuke kushoto kanisani St Mary. Hapo ndipo Askofu Mkuu Thomas Cranmer alipoletwa tarehe 21 Machi 1556 ili aikiri hadharani kauli ya kuikana imani yake, naye akaifuta kauli hiyo mbele ya watu, akatolewa na kuchomwa moto. Kwenye mtaa wa Broad kuna msalaba wa mawe uliotandazwa katikati ya barabara, mahali ambapo yeye, na kabla yake maaskofu Latimer na Ridley mnamo Oktoba 1555, waliuawa. Uko chini kabisa, usawa wa miguu, na baiskeli hupita juu yake siku nzima. Msipomwonyesha mgeni hatauona.

Nyuma ya kanisa kuna uwanja wa Radcliffe, kisha ua wa Bodleian, kisha jumba la Sheldonian lililobuniwa na Christopher Wren na kukamilika mwaka 1669. Kutoka hapo piteni chini ya daraja la Hertford na mwingie kichochoro cha New College. Hapa ndipo hasa ninapopunguza mwendo. Kichochoro hicho hupinda kulia na kushoto kati ya kuta mbili ndefu, hakina maduka, na kelele za mji hukatika ghafla. Mna nyumba ya Edmond Halley, mwanafalaki ambaye nyotamkia mashuhuri huitwa kwa jina lake, na juu ya paa kuna chumba chake kidogo cha kutazamia nyota. Mtamalizia Queen's Lane, na kutokea tena mtaa wa High mkiwa karibu na mto.

Sehemu ya mwisho ni kupitia Rose Lane hadi malisho ya Christ Church, ambako hakuna kiingilio. Chini ya ukuta wa kale wa mji kuna kibao cha kumkumbuka James Sadler, mpika keki wa Oxford, ambaye Oktoba 1784 alipaa kwa puto kutoka uwanja huo na kuwa Mwingereza wa kwanza kuruka angani. Kaeni kwenye benchi. Ng'ombe wako mbele, minara iko nyuma.

Tupande mnara upi?

Mmoja tu unatosha. Carfax una ngazi 99 na huonyesha mitaa ya biashara. Mnara wa St Mary una ngazi 127, nyingine nyembamba sana na za kuzunguka, lakini mtu akifika juu huiona kuba ya Radcliffe Camera karibu kiasi cha kutaka kuigusa, na kwa mara ya kwanza huona nyua za ndani ambazo kuta zilimficha akiwa chini. Kwa mgeni mwenye miguu mizima nachagua St Mary.

Kwa nini jengo la mviringo linaitwa Kamera? Lilikuwa la picha?

La. Kwa Kilatini neno hilo lilimaanisha chumba, na kifaa cha kupigia picha kilirithi jina kwa sababu kilianza kama chumba chenye giza. Jengo ni la James Gibbs, lilijengwa kati ya 1737 na 1749 kwa fedha zilizoachwa na tabibu John Radcliffe, na sasa ni sehemu ya Bodleian. Ndani yake wanafunzi wanasoma, kwa hiyo mlango wake si wa wageni wa kawaida.

Tunaweza kuingia maktaba ya Bodleian?

Uani, ndiyo, bila malipo. Vyumba vya kale vya kusomea huonekana kwa ziara rasmi za kulipia, na tikiti huisha mapema. Maktaba ilifunguliwa mwaka 1602 kwa juhudi za Thomas Bodley, na tangu mwanzo haikuazimisha vitabu. Hata Mfalme Charles I alipotaka kuazima mwaka 1645 alikataliwa. Msomaji mpya huapa kwamba hataingiza wala kuwasha moto ndani, na kiapo hicho hakikuwa cha mzaha: hakukuwa na joto la aina yoyote hadi 1845, wala taa hadi 1929. Watu walisoma kwa mwanga wa dirisha, na jua lilipozama walikwenda zao.

Uani mwenyewe kuna jambo la kutazama kwa karibu. Juu ya milango midogo pande zote yameandikwa kwa Kilatini majina ya masomo yaliyofundishwa ndani. Mgeni wangu mmoja, mzee aliyefundisha shule ya msingi maisha yake yote, alizunguka mlango kwa mlango akiyasoma kwa sauti, silabi kwa silabi kama anavyosoma Kiswahili: *Schola Musicae, Schola Moralis Philosophiae.* Alikuwa hajui Kilatini, lakini alipofika wa nne alikuwa amekwisha kuyatambua masomo mengi. Tulitumia dakika arobaini kwenye ua ambao wengi huuvuka kwa dakika mbili, na hadi leo ndio anaoutaja.

Je, ni kweli daraja la Hertford lilifungwa kwa sababu wanafunzi walikuwa wazito mno?

Si kweli. Daraja hilo, ambalo watu huliita Bridge of Sighs, kwa jina la lile la Venice, lilikamilika mwaka 1914, na kazi yake ni kuunganisha pande mbili za chuo cha Hertford. Hadithi hiyo husimuliwa kila siku chini yake, msiiendeleze.

Tuchague makumbusho yapi?

Makubwa manne ya Chuo Kikuu hayana kiingilio, kwa hiyo hakuna haja ya kumaliza jengo zima ili fedha zisipotee. Ashmolean lilifunguliwa mwaka 1683 na linafaa kwa mgeni anayependa sanaa na mambo ya kale. Jumba la historia ya elimu viumbe, la mwaka 1860, lina mabaki ya ndege dodo aliyetoweka, na nguzo zinazolizunguka ukumbi wake zimechongwa kila moja kwa aina yake ya jiwe.

Nyuma yake kuna Pitt Rivers, lililoanzishwa mwaka 1884, ambalo hupanga vitu kwa aina na si kwa nchi: ngoma pamoja na ngoma, mitego pamoja na mitego. Mgeni kutoka Afrika Mashariki atakutana na vitu vya kwao, na huenda akaumia. Msimharakishe hapo pia. Tangu 2018 wajumbe wa Wamaasai kutoka Kenya na Tanzania wamefika katika jumba hilo kuzungumzia vitu vya jamii yao vilivyomo, na mwaka 2020 mabaki ya miili ya binadamu yaliondolewa kwenye maonyesho. Ni vizuri mgeni ayajue hayo kabla ya kuingia.

## Mto na jioni

Mashua zile za kusukumwa kwa mti ni ngumu?

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa pondo ni nini, na mashua hizi huendeshwa kwa pondo hasa: chombo bapa, mto wa kina kifupi, na mtu mmoja amesimama akichoma mti chini na kusukuma. Hukodishwa kwa saa katika daraja la Magdalen. Kosa la wanaoanza ni kuling'ang'ania pondo likinasa kwenye tope. Chombo huendelea, mti hubaki, na mtu hujikuta kati ya viwili hivyo. Likinasa, lizungusheni kidogo kabla ya kulivuta. Likikataa, liachieni, kisha mrudi kwa kasia dogo lililomo chomboni. Asiyejua kuogelea akae katikati na avae jaketi la kuokolea.

Jioni tufanye nini?

Wakati wa muhula kwaya za Christ Church, Magdalen na New College huimba ibada ya jioni karibu saa 12, na mtu yeyote, wa dini yoyote, hukaribishwa kukaa na kusikiliza bila kiingilio. Hii ndiyo njia ya kuingia Christ Church kwa utulivu niliyoahidi hapo juu, kwa sababu kanisa la chuo hicho ndilo pia kanisa kuu la jimbo. Heshimuni kwamba ni ibada: simu zizimwe, picha zisipigwe.

Mkibaki mjini, sikilizeni kengele ya mnara wa Tom, ulio Christ Church, saa 3 na dakika 5 usiku. Hupigwa mara 101, idadi ya wanafunzi ambao chuo hicho kilikuwa nao zamani. Dakika tano hizo ni kwa sababu Oxford iko magharibi ya Greenwich, na jua hufika huku likiwa limechelewa kiasi hicho. Reli ndiyo iliyoleta saa moja kwa nchi nzima, lakini kengele imebaki na saa ya kwao.

## Alama za Afrika mjini

Kuna chochote hapa kinachowahusu Waafrika?

Kipo, nami hukiweka ndani ya njia badala ya kukiacha mwisho. Katika kichochoro cha Logic Lane, ubavuni mwa University College, kuna kibao cha Christian Cole kutoka Sierra Leone, aliyefika mwaka 1873 na kuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kusoma Oxford. Mwaka 1883 akawa wakili katika mahakama za Uingereza, kisha akaenda Zanzibar, ambako alikufa kwa ndui mwaka 1885 akiwa na miaka 33. Wageni wa Kiswahili hunyamaza wakisikia mwisho huo.

Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alipata shahada yake ya udaktari hapa mwaka 1966 akiwa katika chuo cha Nuffield, chenye mnara wa ncha kali unaoonekana karibu na ngome ya kale. Tom Mboya alisoma chuo cha Ruskin mwaka 1955 hadi 1956. Ruskin hakikuwa sehemu ya Chuo Kikuu, na mahali kilipokuwa, mtaa wa Walton, sasa pana jengo la Exeter College.

Sanamu ya Rhodes bado ipo?

Ipo, juu ya jengo la Oriel College linalotazama mtaa wa High. Cecil Rhodes, bepari na mkoloni wa Kiingereza kusini mwa Afrika, alikiachia chuo hicho paundi 100,000. Wanafunzi walidai iondolewe kuanzia 2015, kufuatia vuguvugu la Cape Town la kuiondoa sanamu yake ya huko, na madai yakarudi kwa nguvu mwaka 2020. Mwaka uliofuata, ingawa wengi katika tume iliyoundwa na chuo waliunga mkono iondolewe, chuo kiliamua kutoanza mchakato huo kwa kutaja gharama na ugumu wa kisheria. Iko juu sana. Wavukisheni wageni upande wa pili wa barabara ili waione. Maoni yangu ni kwamba mwenyeji aeleze mambo yalivyo na amwachie mgeni nafasi ya kusema.

## Hali za pekee

Mgeni wangu ni mzee, au anatumia kiti cha magurudumu.

Epukeni Merton Street na uwanja wa Radcliffe, ambako njia ni za mawe ya mviringo yanayotikisa magurudumu na kuumiza magoti. Mkilazimika kupita uwanja huo, fuateni pembeni palipo laini. Bustani ya mimea mbele ya Magdalen, iliyoanzishwa mwaka 1621, ni tambarare na ina viti vingi. Ashmolean lina lifti. Asubuhi moja kwa bustani na alasiri moja kwa Ashmolean ni ziara kamili.

Tuna watoto.

Dodo kwanza, mto baadaye, chuo kimoja tu.

Mvua ikinyesha?

Soko lililoezekwa, Ashmolean, na ukumbi wa maktaba ya Weston mtaa wa Broad, ambako kuna maonyesho ya bure na mahali pa kunywa chai. Duka la vitabu la Blackwell lililo jirani lina chumba cha chini chenye rafu za kama kilomita tano. Baada ya mvua tokeni haraka, kwa maana mawe yaliyolowa ndiyo mazuri zaidi.

Tutaswali wapi, na tutapata wapi chakula cha halali?

Msikiti wa Central Oxford uko Manzil Way, kando ya barabara ya Cowley, mwendo wa kama nusu saa kwa miguu kutoka Carfax kwa kupitia daraja la Magdalen. Migahawa ya halali imepangana barabara hiyo hiyo. Siku ya Ijumaa geuzeni njia iliyoelezwa hapo juu ili iishie darajani kabla ya adhuhuri.

Tumefika wakati wa mitihani.

Vyuo vingi hupunguza saa au hufunga, na ukimya unaoombwa langoni ni wa kweli. Lakini simameni mbali kidogo na kumbi za mitihani mtaa wa High mwone wanafunzi wakitoka na majoho, kila mmoja na ua kifuani: jeupe kwa mtihani wa kwanza, la waridi kwa ya katikati, jekundu kwa wa mwisho. Ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Huenda ametoka kwenye mtihani mgumu.

Tuna saa tatu tu.

Ua wa Bodleian, kichochoro cha New College, benchi moja kwenye malisho ya Christ Church. Msiongeze.

Mgeni wangu hapendi majengo ya kale hata kidogo.

Mpelekeni barabara ya Iffley, ng'ambo ya daraja la Magdalen, kwenye uwanja wa riadha ambako tarehe 6 Mei 1954 Roger Bannister, mwanafunzi wa udaktari wa tiba, alikimbia maili kwa dakika 3 na sekunde 59.4, wa kwanza kushuka chini ya dakika nne. Upepo ulikuwa mkali siku hiyo na alikaribia kuahirisha. Aliamua kukimbia alipoona bendera juu ya mnara wa kanisa la jirani imelegea. Mnara huo unaonekana vizuri kutoka uwanjani. Miaka 21 baadaye rekodi ya maili ilikuwa ya Filbert Bayi wa Tanzania, kwa dakika 3 na sekunde 51.0, naye mgeni asiyependa majengo mara nyingi hupenda kusimuliwa mbio zote mbili akiwa amesimama pale pale kando ya njia.